Kati ya Uzito na Umakini: Uchaguzi wa Bunduki Nyepesi ya Komeo na Risasi Yake katika Uwindaji wa Tembo Afrika Mashariki, 1895–1914

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu zilizowafanya baadhi ya wawindaji wa pembe za ndovu katika Afrika Mashariki, hususani W. D. M. Bell wa Karamoja, kuchagua bunduki nyepesi za komeo zenye risasi ndogo, ilhali desturi ya wakati huo ilitaka bunduki nzito ya mitutu miwili. Hoja kuu ni kwamba uchaguzi huo ulikuwa na mantiki ya kifizikia na ya kibiashara inayoweza kuthibitishwa. Hata hivyo, mafanikio yake hayakutokana na bunduki peke yake. Yalitegemea maarifa ya wafuatiliaji wa nyayo wa Kiafrika, kazi ya wapagazi, na sheria zilizompa mgeni silaha zilizokatazwa kwa mwenyeji. Makala inahitimisha kwamba historia ya uwindaji inayosimuliwa kama historia ya silaha huwaondoa wahusika wake muhimu katika kumbukumbu.

1.0 Utangulizi

Walter Dalrymple Maitland Bell (1880–1954), Mskoti aliyefahamika kwa jina la "Karamojo", alichapisha kitabu chake The Wanderings of an Elephant Hunter mwaka 1923. Tangu hapo jina lake limeambatana na tarakimu mbili: tembo 1,011 anaotajwa kuwaua katika maisha yake, na milimita 7 za kipenyo cha risasi anayodaiwa kuwaulia takriban 800 kati yao. Tarakimu hizo zimerudiwa mara nyingi katika maandishi ya uwindaji, na kwa kawaida hutumika kujibu swali moja tu: je, risasi ndogo inatosha kumwangusha mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu?

Kwa mwanahistoria, swali hilo ni finyu. Uchaguzi wa silaha ni tendo la kijamii. Huamuliwa na fedha, umbali wa safari, idadi ya wabebaji, sheria za forodha, aina ya nchi inayowindwa, na ujuzi wa wale wanaomfikisha mwindaji mbele ya mnyama. Kwa sababu hiyo, makala hii inauchambua uchaguzi wa bunduki nyepesi kwa ngazi mbili. Kwanza inapima mantiki yake ya kiufundi. Kisha inaonesha masharti ya kihistoria ambayo bila hayo mantiki hiyo isingekuwa na mahali pa kufanyia kazi.

Muktadha wa kinadharia unatokana na kazi mbili zinazofahamika katika uwanja huu. John MacKenzie, katika The Empire of Nature (1988), alionesha jinsi uwindaji ulivyokuwa sehemu ya ujenzi wa dola la Kiingereza. Edward Steinhart, katika Black Poachers, White Hunters (2006), aliirejesha Kenya ya wawindaji wa Kiafrika katika simulizi iliyokuwa imewageuza kuwa majangili. Makala hii inaendeleza mjadala huo kwa kukitazama kifaa chenyewe, yaani bunduki na risasi, kama ushahidi wa kihistoria.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika mazungumzo ya kila siku neno "risasi" hubeba maana kadhaa. Katika makala hii, "risasi" ni kitu kizima kinachotiwa bundukini: ganda, fataki, baruti na kichwa. "Kichwa cha risasi" ni ile sehemu inayotoka mtutuni na kumpiga mnyama. "Bunduki ya komeo" ni ile ambayo chemba yake hufungwa kwa chuma kinachosukumwa mbele na kuzungushwa kama komeo la mlango, na ambayo kwa kawaida huwa na kasha la risasi kadhaa. "Bunduki ya mitutu miwili" hukunjwa katikati ili kutiwa risasi mbili, moja kwa kila mtutu. "Gobori" ni bunduki ya kushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. "Msukumo wa nyuma" ni nguvu inayompiga mfyatuaji begani bunduki inapolia.

3.0 Kutoka Gobori hadi Baruti Isiyotoa Moshi

Katika karne ya 19 mwindaji wa tembo hakuwa na njia ya kuongeza nguvu ya silaha yake isipokuwa kuongeza ukubwa. Baruti nyeusi haikuweza kukipa kichwa cha risasi kasi kubwa, na risasi tupu ilikuwa laini mno kuvunja mfupa mzito. Matokeo yake yalikuwa magobori yenye matundu makubwa ajabu, mengine yakiwa na uzito wa kilo 9 au zaidi. Frederick Selous, aliyefika Afrika Kusini mwaka 1871 na kuanza kazi kwa silaha za aina hiyo, alikiri baadaye kwamba msukumo wake wa nyuma ulimharibia utulivu wa kulenga, na kwamba angetamani asingezitumia kamwe.

Mabadiliko yalianzia Ufaransa mwaka 1884, pale Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi. Bunduki ya jeshi la Ufaransa ya mwaka 1886 ilikuwa ya kwanza kuitumia. Baruti hiyo ilizaa njia mbili zilizotofautiana. Njia ya kwanza ilichukua ukubwa wa zamani na kuuongezea kasi mpya. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa .450 Nitro Express, iliyorusha kichwa cha gramu 31 kwa kasi ya takriban mita 655 kwa sekunde. Baadaye .577 Nitro Express ilirusha kichwa cha gramu 48.6 kutoka katika bunduki yenye uzito wa karibu kilo 6.

Njia ya pili ilitoka majeshini. Peter Paul Mauser wa Oberndorf, Ujerumani, alitengeneza risasi ya milimita 7 kwa 57, ambayo Uhispania iliichagua mwaka 1893. Risasi hiyo ndiyo Maburu waliyoitumia dhidi ya Waingereza katika vita vya 1899–1902. Kichwa chake kilikuwa kirefu, chenye ncha ya duara, uzito wa gramu 11.2 na kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Nchini Austria, kiwanda cha Steyr kilitoa bunduki ya Mannlicher-Schönauer ya mwaka 1903, yenye risasi ya milimita 6.5 kwa 54 na kichwa cha gramu 10.4. Bunduki hizi zilikuwa na uzito wa takriban kilo 3 hadi 4. Hazikubuniwa kwa ajili ya tembo, bali kwa ajili ya askari.

4.0 Hesabu ya Kupenya

Ukilinganisha nishati pekee, bunduki nyepesi inashindwa mapema. Kwa kasi na uzito uliotajwa, kichwa cha milimita 7 kilitoka mtutuni kikiwa na nishati ya takriban jouli 2,700, ilhali kile cha .450 kilikuwa na takriban jouli 6,700. Kwa kipimo hiki, wauzaji wa bunduki za London walikuwa na haki ya kumshauri mteja anunue bunduki kubwa.

Hata hivyo, tembo hafi kwa sababu ya kiasi cha nishati alichopigwa nacho. Hufa haraka iwapo ubongo, uti wa mgongo au moyo umefikiwa. Ubongo wake upo chini na nyuma ya fuvu, umezungukwa na mfupa wenye vyumba vingi vya hewa mfano wa sega la nyuki. Kwa hiyo swali linalofaa si kichwa cha risasi kina nishati kiasi gani, bali kinaweza kupita mfupa kiasi gani bila kupinda wala kugeuka.

Uwezo huo hutegemea, pamoja na mengine, uwiano kati ya uzito wa kichwa na mraba wa kipenyo chake. Kwa kipenyo cha sentimita 0.72, kichwa cha milimita 7 kina gramu 21.6 kwa kila sentimita mraba ya kipimo hicho. Kile cha .577, chenye kipenyo halisi cha sentimita 1.49, kina 21.9. Kichwa cha milimita 6.5 kina 23.2, na cha .450 kina 23.1. Hesabu hii inaeleza jambo ambalo simulizi za uwindaji huliacha kama muujiza. Vichwa vidogo vya kijeshi vilikuwa vyembamba lakini virefu, na kwa sababu hiyo vilikuwa na uwiano ule ule wa kupenya kama vichwa vizito mara tatu au nne zaidi. Vilipofunikwa gamba gumu la metali na kuachwa na ncha ya duara, vilikwenda moja kwa moja ndani ya fuvu. Ndiyo maana wawindaji wa aina ya Bell walishikilia vichwa vya zamani hata baada ya majeshi, kama la Ujerumani mwaka 1905, kuhamia vichwa vyenye ncha kali, ambavyo hupinduka kwa urahisi vinapoingia mwilini.

Upande wa pili wa hesabu ni bega la mfyatuaji. Tukichukulia bunduki ya milimita 7 yenye uzito wa kilo 3.2 na ya .450 yenye kilo 5, nishati ya msukumo wa nyuma wa ile nzito huzidi ya ile nyepesi kwa zaidi ya mara tatu, ijapokuwa uzito wake mkubwa huupunguza. Mtu anayetarajia teke hilo hufumba jicho au kuyumbisha mkono kabla risasi haijatoka. Katika lengo lenye upana wa ubongo uliofichwa ndani ya fuvu kubwa, yumbo hilo dogo ndilo tofauti kati ya mnyama aliyeanguka na mnyama aliyejeruhiwa. Bell alilielewa hili kwa vitendo: alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kwa kila pembe ya kutazamia, kisha akachapisha michoro yake. Bunduki yake nyepesi ilikuwa nusu ya uamuzi; nusu nyingine ilikuwa elimu ya maumbile.

5.0 Kutegemeka kwa Komeo na kwa Risasi

Wepesi haufai kitu iwapo bunduki itakwama. Mwaka 1896, karibu na Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Ziwa Turkana, Arthur Neumann alishambuliwa na tembo jike. Bunduki yake ya kijeshi aina ya Lee-Metford ilishindwa kulia, naye akakanyagwa na kuchomwa pembe. Aliponea chupuchupu, na kisa hicho kimo katika kitabu chake cha mwaka 1898. Kwa wawindaji waliosoma kisa hicho, funzo lilikuwa wazi: mwenye mitutu miwili ana nafasi ya pili hata kama mtutu mmoja umegoma, ilhali mwenye komeo hutegemea mkono wake na chuma kimoja.

Jibu la Mauser katika bunduki ya mwaka 1898 lilikuwa ndoano pana iliyokamata kitako cha risasi tangu inapotoka kashani hadi ganda linapotupwa nje. Hata mfyatuaji aliyebabaika alipunguziwa uwezekano wa kusokota risasi mbili kwa pamoja. Kampuni ya Rigby, iliyokuwa wakala wa Mauser nchini Uingereza, ilitengeneza bunduki za kuwindia juu ya mitambo hiyo na kuiita risasi ya milimita 7 kwa jina la Kiingereza, .275 Rigby.

Upo pia ushahidi kwamba uamuzi wa mwisho wa Bell haukuhusu bunduki, bali risasi. Aliipenda Mannlicher ya milimita 6.5 kwa wepesi wake, lakini akaiacha kwa sababu risasi alizopata zilikuwa na kasoro. Risasi za milimita 7 zilizotengenezwa Ujerumani hazikumwangusha. Kwa mtu aliye miezi kadhaa mbali na duka, uaminifu wa fataki ulikuwa na thamani kuliko tofauti ya nusu milimita ya kipenyo. Ikumbukwe pia kwamba risasi moja ya milimita 7 ina uzito wa takriban gramu 25, chini ya nusu ya risasi ya .450. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa pauni 60, yaani kilo 27. Mzigo mmoja ulitosha takriban risasi 1,000 ndogo, lakini chini ya 500 kubwa. Kila mpagazi aliyepunguzwa katika risasi aliweza kubeba pembe wakati wa kurudi.

Tofauti na hali hiyo, Theodore Roosevelt alipoanza safari yake kutoka Mombasa mwezi Aprili 1909 alikuwa na bunduki ya komeo ya Springfield, Winchester ya .405, na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Aliyekuwa na wabebaji wengi wa silaha hakulazimika kuchagua. Bunduki nyepesi ilikuwa uchaguzi wa mfanyabiashara aliyetembea.

6.0 Masharti ya Kisheria na Kijamii

Uchaguzi huo ulikuwa pia haki iliyogawanywa kwa ubaguzi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa Ikweta, ukiwaachia wenyeji hasa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo, wakati mwindaji wa Kizungu alipopima faida za milimita 6.5 dhidi ya milimita 7, fundi wa Kiafrika aliyeijua nchi kuliko yeye aliwekewa mpaka wa kisheria kwenye gobori. Sheria ziliamua hata vipenyo vya Wazungu wenyewe. Mamlaka za India na Sudan zilipozuia .450 mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hofu kwamba vifaa vyake vingetumika katika bunduki za Martini-Henry mikononi mwa wapinzani, watengenezaji walileta .465, .470 na .475. Vipenyo hivyo havikuzaliwa na haja ya uwindaji. Vilizaliwa na hofu ya uasi.

Aidha, wazo kwamba kitu chembamba kilichopelekwa mahali sahihi humwua tembo halikuwa geni Afrika Mashariki. Wawaata wa nyika ya pwani ya Kenya waliwinda tembo kwa pinde zenye nguvu kubwa na mishale yenye sumu iliyopikwa kutokana na miti ya jamii ya Acokanthera. Wakamba nao walikuwa mafundi wa mshale wa sumu. Ustadi wao ulisimama juu ya kanuni ile ile: kumkaribia mnyama, kulijua umbo lake la ndani, na kupenya. Bell hakukigundua kitu kilichokuwa hakijulikani. Alikifikia kwa kifaa kingine.

Katika Karamoja, njia yenyewe ilikuwa imefunguliwa na wengine. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walikuwa wakinunua pembe huko wakipitia Mumias na Mbale, na Manimani ilikuwa kituo chao kabla ya utawala wa kikoloni kuimarika. Bell alitumia lugha yao, wapagazi wa mfumo wao wa misafara, na habari zao. Katika kitabu chake mwenyewe anajitokeza Pyjale, Mkaramojong mwenye mkuki aliyemwongoza na kufuatilia nyayo pamoja naye. Risasi ya milimita 7 ilihitaji mtu asogee karibu na apate pembe sahihi ya kulenga. Aliyemfikisha mahali hapo alikuwa Pyjale na wenzake. Hata hivyo, wasomaji wa vitabu vya Bell wamebaki na kumbukumbu ya kipenyo cha risasi, na si ya jina hilo.

7.0 Uigaji na Mpaka wa Kipenyo

Mfano wa Bell ulikuwa na hatari kwa walioufuata bila masharti yake. Karamoja ilikuwa na sehemu kubwa za uwazi, na mwanzoni mwa karne tembo wengi wa huko hawakuwa wamezoea mlio wa bunduki. Mwindaji aliyejificha katika msitu mzito, mbele ya mnyama aliyekwisha kujeruhiwa, hakuwa na muda wa kusubiri pembe sahihi. Vilevile ushahidi wenyewe una kasoro ya kimsingi: unatoka kwa aliyesalimika. Waliouawa kwa kuamini risasi ndogo hawakuandika vitabu, na tembo waliokwenda kufia mbali hawakuhesabiwa katika daftari la mtu.

Kwa sababu hizo, soko na sheria vilielekea katikati. Bunduki za komeo zenye risasi nzito zaidi zilijitokeza: .416 Rigby mwaka 1911 na .375 Holland & Holland Magnum mwaka 1912. Zilichukua komeo la Mauser na kulipa kichwa chenye uzito wa kusamehe kosa. Katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji hadi leo, Tanzania ikiwemo, kipenyo cha .375 ndicho mpaka wa chini uliozoeleka kwa wanyama wakubwa na wa hatari. Kanuni hiyo haisemi kwamba hesabu ya Bell ilikuwa na makosa. Inasema kwamba sheria haiwezi kutungwa kwa kumtegemea mlengaji aliye hodari kuliko wote.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba bunduki nyepesi ya komeo ilichaguliwa kwa sababu tatu zinazopimika: uwiano wa kupenya uliolingana na wa risasi nzito, msukumo mdogo wa nyuma uliolinda umakini, na wepesi wa mzigo katika biashara ya masafa marefu. Imeonesha pia kwamba sababu hizo zilifanya kazi ndani ya mpangilio wa kijamii ambamo maarifa yalitoka kwa wafuatiliaji wa Kiafrika, nguvu ilitoka kwa wapagazi, na ruhusa ilitoka kwa dola.

Matokeo ya mpangilio huo hayakuishia katika vitabu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1989 tembo wa Afrika aliwekwa katika kundi la juu la ulinzi wa mkataba wa CITES. Katika mjadala wa nani alimaliza tembo, jangili mwenye gobori au mshale hutajwa haraka, ilhali mwenye wanyama 1,011 hutajwa kwa ustadi wake wa kulenga. Kwa hiyo watafiti wa historia ya uwindaji wanapaswa kuisoma bunduki kama wanavyosoma hati: kuuliza ilitengenezwa kwa ajili ya nani, iliruhusiwa kwa nani, ilibebwa na nani, na nani aliyeonesha mahali pa kuielekeza.